Mgongo wa Mholanzi

Mimi namjua kwa mgongo.
Misimu kumi na mmoja nilisimama golini,
naye mbele yangu, hatua kumi na mbili,
na namba tano ya plasta ya hospitali
ikibanduka pembe kila mvua inaponyesha.

Jezi ya rangi ya chungwa aliipata Masasi,
kwenye marobota, baada ya kubishana nusu saa,
simba mdogo kifuani amefifia kwa jua la mtu mwingine.
Mwalimu wa jiografia akasema: hiyo ya Uholanzi.
Basi Ausi Nalinga, mla ming'oko, mpuliza salfa,
akawa Mholanzi hadi kwenye daftari la madeni dukani.

Kule, akatueleza mwalimu, nchi iko chini kuliko bahari,
wameizuia kwa kuta, nayo inasukuma usiku na mchana.
Ausi alicheka mpaka akakaa chini.
"Kumbe huko kila mtu ni beki!"
Sisi Newala tuko juu, ukungu unatupita magotini,
na maji tunanunua kwa ndoo.
Wao wanayafukuza, sisi tunayabembeleza.

Uwanja wetu unaishia Shimo la Mungu.
Ukibutua bila kutazama, mpira hautoki nje,
unakwenda Ruvuma.
Watoto wanateremka kuutafuta,
refa anakaa kwenye majani anakula bibo.
Ndiyo maana Ausi hakubutua.
Aliupokea kifuani kama mtoto aliyelala,
akaulaza chini, akainua kichwa,
akampa mwenzake.

Mkono wa kushoto ulibaki nyuma, ukisema nami.
Kidole kimoja: kaa.
Viwili: toka.
Kiganja wazi: nimekusikia.
Washambuliaji walimsoma macho wakaambulia patupu;
maneno yote yalikuwa mgongoni.

Fainali ya mkoa tuliicheza Nangwanda.
Watu wa timu ya bandari walikuja na kalamu, kwa ajili yake.
Dakika ya themanini na nane ikaja krosi,
ya kawaida, ya kuchuma tu.
Nilitoka.
Sikusema "yangu".
Silabi mbili. Zilikuwa mdomoni, zimekaa kama kokwa.
Mpira ukamgonga kisogoni, ukanipita, ukaingia.

Kwenye lori walimzomea toka Nanyamba mpaka Tandahimba.
Mimi nilikaa juu ya tairi la akiba, nikatafuna karanga.
Yeye hakugeuka.

Kalamu za bandari hazikuandika kitu. Msimu uliofuata, goti.
Akarudi kwenye mikorosho,
nami nikapata kazi ghalani, kupima magunia ya watu.
Tulisalimiana vizuri tu. Miaka kumi na tisa.

Sasa ni kocha.
Kamati imemfukuza mara mbili:
mara ya kwanza kwa kufungwa,
mara ya pili bei ya korosho ilishuka
na ilibidi afukuzwe mtu.
Vijana anawafundisha kwa ndoo iliyojaa pomoni,
kutoka goli hadi goli, bila kumwaga.
Akina mama walipolalamika, maji akanunua yeye.

Jumamosi nilikwenda. Nikasimama nyuma ya benchi,
nikauona tena ule mgongo, umeinama kidogo, bila namba.
Dakika za mwisho mpira ukapaa
kati ya kipa mtoto na beki mtoto,
kila mmoja akimngoja mwenziwe aseme.

"Yangu!"

Ilikuwa sauti yangu, mtu mzima, nje ya mstari.
Watu wakaangua kicheko.
Beki akashtuka, akaubutua kwa nguvu zote,
ukapita juu ya vichwa, ukatumbukia Shimoni.

Ausi hakugeuka.
Mkono wake wa kushoto ulikwenda nyuma taratibu,
ukatulia kiunoni, ukafunguka:
kiganja, chenye sugu za bomba la salfa.

Refa alikaa kwenye majani.
Kule chini tuliwasikia watoto wakiitana,
bado hawajauona.